Mfuko wa Kulia Una Mkono

Kabla ya pasi, kabla ya picha, kabla hata ya chai, Vipimo hupekua mifuko. Ndiyo desturi ya kazi yake. Robota la mitumba likishakatwa kamba na nguo zikamwagika sakafuni, hushika moja moja, akaingiza mkono hadi pembe ya mwisho ya mfuko, maana huwezi kujua. Amewahi kutoa tiketi za treni zilizoandikwa lugha asiyoijua, vibanio vya nywele, mchanga wa ufukwe wa watu wengine, na jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi ya peremende. Watu wa kazi hiyo wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: cha mfukoni ni cha aliyefungua robota. Vyote hivyo Vipimo huvitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na jino nalo limo.

Jina hilo alipewa na wateja. Anauza kupitia apu ya simu, ile ya kuuziana nguo zilizokwisha kuvaliwa, na hajawahi kutundika nguo humo bila vipimo vyake: mabega, kifua, urefu wa mkono, urefu toka shingoni. Hata skafu ataipima. Mteja mmoja alipata kumwandikia, "Dada, nimenunua leso, sijanunua kiwanja." Akamjibu kwa upole kwamba leso ni sentimita thelathini na mbili kwa thelathini na moja, imevutika kidogo upande mmoja. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kujibu maswali ya wateja kwenye simu.

Jumatatu hiyo robota lilikuwa la makoti mazito ya nchi za baridi, yenye harufu ya makabati ya wenyewe. La sita lilikuwa la sufu ya kijivu, vifungo vinne, bitana ya hudhurungi. Mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu. Alipoingiza mkono mfuko wa kulia, mkono mwingine uliokuwa humo ukaushika wake.

Ulikuwa mkono wa kawaida, mkavu, wenye joto. Ulimshika kama mtu anavyomshika mwenziwe wakiwa wanangojea jambo. Vipimo alikaa nao kidogo kwa adabu, kisha akautoa wake akaenda kuwasha pasi.

Picha alizipiga kwenye mlango wa kabati kati ya saa tatu na saa nne, wakati mwanga wa dirishani unapokuwa laini na kila nguo inaonekana kama imeamka sasa hivi. Akajaza fomu ya apu. Hali ya nguo: imetumika, nzuri. Kasoro: kifungo cha tatu si cha asili, bitana imefifia kwapani, mfuko wa kulia una mkono. Akafikiri kidogo, asije mtu akaogopa bure, akaongeza: haudhuru.

Haikupita nusu saa, maswali yakaanza kumiminika. Mkono ni wa kike au wa kiume? Wa kike. Unatoa jasho? Hapana. Mkono ukiondolewa, bei inashuka? Haishuki. Mimi natumia kushoto, huna la kushoto? Sina. Mmoja aliuliza kama koti linaweza kuingia kwenye mashine ya kufulia, naye akajibiwa kwamba lifuliwe kwa maji baridi na lisikamuliwe. Wengine walitaka tu kupunguziwa, kama kawaida ya watu.

Aliyelichukua alikuwa muuguzi wa mji wa milimani, ambako asubuhi watu hutoa mvuke midomoni. "Kutwa nashika mikono ya wagonjwa," aliandika. "Wa kunishika mimi hakuna. Nalitaka, na bei yako sina neno nayo." Vipimo akabonyeza Kubali. Apu ikaandika Imeuzwa, ikampa hadi Alhamisi adhuhuri awe amelituma. Sheria ya apu haina shemeji wala jirani: uza usitume, na duka lako linafungwa. Duka lenyewe ndilo lililokuwa likiwalisha, yeye na mama yake.

Kisha muuguzi akarudi. "Samahani dada, la mwisho. Kucha zina rangi? Kazini kwetu rangi hairuhusiwi."

Kuuliza si ujinga. Vipimo akaketi kitandani, akaupanua mdomo wa mfuko, akamulika kwa tochi ya simu. Kucha zilikuwa na rangi ya zambarau, imepakwa vizuri, na mtu mwenye nafasi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa na ufa katikati, toka juu hadi chini, kama ukucha uliotobolewa na sindano ya cherehani ukaota tena vipande viwili.

Ufa huo aliujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga kidole hicho kitambaa, huku mwenye kidole akiongea bila kupumua. Akazima tochi, akaingiza mkono. Ule wa ndani ukaushika, ukaubana mara mbili.

Mdogo wake walikuwa wakimwita Chiriku kwa sababu ya maneno. Alianza kusema kabla ya kutembea, na alipoanza kutembea akawa anasema huku anatembea. Mahali pamoja tu alinyamaza: barabarani, wakienda shule, Vipimo amemshika mkono. Hapo waliongea kwa vidole. Kubana mara moja, twende. Mara mbili, simama. Chiriku ndiye aliyeitunga lugha hiyo, na ndiye aliyekuwa akimkaripia mwenzake akikosea.

Alipokua aliingia kiwanda cha nguo kilichoko mwisho wa barabara yao. Kiwandani humo hakuna mtu anayeshona koti. Kila mmoja ana kipande chake: huyu kola, yule mikono, yule vifungo. Chiriku alishona mifuko ya kulia, mia nane kwa siku, miaka mitatu. Alikuwa akisema, akirudi nyumbani, kwamba mfuko wa kushoto anausikia kwa watu tu.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja, alikaa kwenye kiti cha jikoni bila viatu.

"Mama, siku hizi wanatufungia mlango kwa nje. Eti tunaiba vitambaa."

"Kazi ni kazi, mwanangu," Mama alisema. "Vaa viatu."

"Ipo siku nitaondoka hapa, na hamtaniona tena."

"Utaondoka ukiwa umevaa viatu."

Akavaa, akaenda. Mchana huo moshi ulitoka kiwandani, ukakaa juu ya mabati ya mtaa mzima hadi jioni, mwepesi, kama mgeni asiyejua aage vipi. Tangazo likabandikwa getini kwamba sanduku la vifungo limeungua na kwamba hakuna mtu aliyeumia. Wiki iliyofuata ikaja barua: binti yako ameacha kazi kwa hiari yake. Barua kama hiyo, neno kwa neno, iliingia nyumba kumi na tisa.

Mama aliiamini barua. Mtoto alisema ataondoka, na ameondoka. Akaitoa picha ya Chiriku ukutani, akaipangusa vumbi, akaitia sandukuni. Tangu siku hiyo jina hilo halikutoka kinywani mwake, na mgeni akilitaja, Mama humwuliza kama anataka chai nyingine. Alikuwa na hasira na mtoto wake, hasira nzito ya kulala na kuamka nayo, na Vipimo aliiacha kwa sababu aliona inamsaidia kusimama.

Sasa alilichukua koti akatoka nalo uani. Mama alikuwa anaosha vyombo.

"Mama, tia mkono humu."

Mama akajifuta maji kwenye gauni, akatia. Kwa mkono wa pili akaupanua mdomo wa mfuko, akachungulia. Povu kwenye beseni likaisha lenyewe, maji yakatulia, sahani zikaonekana chini.

"Nani kampaka rangi?" aliuliza.

"Huko lilikokwenda, nadhani. Aliyekuwa akilivaa."

"Alimpenda, basi." Mama akazipapasa kucha moja moja. "Kumbe hakwenda popote."

"Hakwenda."

"Nilimwambia avae viatu," Mama alisema, na hapo ndipo akalia, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, mkono mmoja ukiwa mfukoni na mwingine ukiwa na sabuni. Hakulia kwa sauti. Vipimo alimalizia vyombo.

Jumatano walikwenda kiwandani. Mama alilivaa koti, juani, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Hakutaka fidia, wala kifuta machozi. Alitaka jambo moja tu: daftari la kiwanda lifutwe pale palipoandikwa kwamba mwanawe aliondoka.

Karani wa wafanyakazi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza mtoto. Akamwamkia Mama, akavuta kiti, akasikiliza. Kisha akaomba ruhusa, akatia mkono wake mfukoni.

"Hujambo," aliuambia. Akautoa wake, akapangusa miwani. "Ni wetu huu. Mfuko wa kulia, mstari wa tatu. Nilikuwa nikimsikia akiongea toka hapa."

Akafungua kabati akatoa faili. "Mama yangu, faili lake limekamilika, isipokuwa kitu kimoja. Fomu ya kuacha kazi hakuisaini. Tumemngoja miaka miwili."

"Hakuacha kazi," Vipimo alisema. "Yumo humu."

"Yumo, dada, nimemshika. Ila daftari linasema alitoka saa nne na dakika kumi."

"Alitokea wapi, na mlango umefungwa?" Mama aliuliza.

"Daftari halina mahali pa mlango, mama."

Mkono haukuwa na tabia ya kutoka mfukoni, kwa hiyo karani aliikunja fomu mara mbili akaisukuma humo pamoja na kalamu. Wakangoja. Feni iligeuka huku, ikageuka kule. Koti lilitikisika kidogo ubavuni mwa Mama, na sauti ya kalamu ikasikika, upesi upesi, bila kupumua. Fomu ilipotoka ilikuwa imeandikwa hadi ukingoni: Mlango ulifungwa kwa nje. Tuko kumi na tisa. Mikia ya herufi ilikuwa mirefu, ile ile aliyochapiwa shuleni na bado hakuiacha.

Karani akasoma yote. Akatoa mkataba wa zamani, akaulinganisha na fomu, mstari kwa mstari.

"Mwandiko ni wake. Hilo halina ubishi," alisema, akisikitika kweli. "Tatizo, hapa ni mahali pa saini peke yake. Maelezo yana fomu yake, na zile fomu ziliungua. Zilikuwa chumba kimoja na vifungo."

Akagonga muhuri wa Imepokelewa, akaitia fomu kwenye faili, akalirudisha faili kabatini. Aliwauliza kama wanataka nakala. Alipowasindikiza hadi mlangoni aliwaambia kwamba mstari wa mifuko ya kulia una nafasi, kama wanamjua binti mwenye bidii.

"La kuvunda halina ubani," Mama alisema walipofika barabarani.

Alhamisi saa mbili asubuhi Vipimo alimwandikia muuguzi. Alimweleza mkono ni wa nani, kwamba kucha zina rangi ya zambarau, na kwamba hatakosa kulituma koti, kwa kuwa ameshaliuza na neno ni neno. Akamtajia na ile sheria ya watu wa kazi: cha mfukoni ni cha aliyefungua robota. Alikaa akiitazama simu, maana mnunuzi akilalamika apu huamua upande wa mnunuzi.

Jibu lilichelewa. "Pole sana dada," muuguzi aliandika mwishowe. "Nami nina mdogo wangu. Toa mfuko, nitumie koti. Kucha nilizipenda, lakini basi."

Mama ndiye aliyefumua. Alivaa miwani, akakaa karibu na dirisha, akachukua wembe. Mishono ilikuwa ya karibu karibu, imara, na Mama alikata uzi mmoja mmoja akiunung'unikia ubora wa kazi. "Mtoto huyu alishona kama anayelipwa vizuri," alisema. Mkono ulitulia kabisa wakati wote huo, kama mtoto anayekatwa kucha. Mfuko ulipotoka mzima, Mama aliulaza mapajani. Vipimo akakata mfuko mpya kutoka kwenye pazia la zamani, akaushona kotini, akapiga picha mpya na kuandika: mfuko wa kulia umebadilishwa, sentimita kumi na saba kwa kumi na tano, hauna kitu. Dereva wa pikipiki alikuja saa tano na nusu, akalichukua.

Mchana Mama aliushona mfuko wa Chiriku kwenye gauni lake la kila siku, upande wa kulia. Alikataa cherehani, akatumia sindano ya mkono. Tangu hapo humkuti akiwa na mikono yote miwili nje, labda akiwa anakula, na hata hapo akimega mara mbili tatu utaona umerudi mfukoni. Rangi ya zambarau ilipoanza kubanduka, Vipimo akanunua nyingine ya aina hiyo hiyo.

Baada ya wiki muuguzi aliacha maoni dukani. Koti ni kama lilivyoelezwa. Mfuko mpya ni mzuri, ila ni mpweke. Nyota nne.

Kumbe koti lile halikutoka kiwandani peke yake. Miezi miwili haikuisha, wauzaji wa miji mbalimbali wakaanza kuandika kasoro ambazo Vipimo alizisoma kwa sauti ili Mama asikie. Kola inakohoa, hasa mtu akiwasha jiko. Bitana ya mgongoni inapiga moyo. Kofia ya koti inaimba kwa sauti ya kike, nyimbo mbili tu. Mfuko wa kushoto una mkono, ukucha mfupi, unabisha hodi. Mama alikuwa anazijua nyumba zote kumi na tisa. Alivaa kandambili zake akapita mlango kwa mlango, akamwambia huyu kwamba kola ya mwanao iko kwa muuzaji fulani, akamwambia yule asichelewe maana kuna watu watatu wameshauliza. Kina mama kumi na mmoja walinunua. Wengine walikuta imeshaandikwa Imeuzwa.

Apu nayo ikaboreshwa. Chini ya saizi na rangi kuliwekwa kisanduku kipya cha kuchagua: ndani yumo mtu, ndani hayumo mtu. Wateja walishukuru, maana kilipunguza maswali. Msimu wa baridi ulipokaribia, waliochagua yumo walikuwa wengi kidogo kuliko waliochagua hayumo.

Asubuhi moja, saa moja kasoro, Mama alikuwa anapita mbele ya kiwanda kwenda kununua uzi. Mabinti wa zamu walikuwa wanaingia. Ukungu wa alfajiri ulikuwa haujaondoka, na kwa mbali walionekana kama nguo zilizoanikwa zinazotembea. Mfukoni mkono ukabana mara mbili. Mama akasimama hapo hapo alipokuwa.

Binti mmoja aliyechelewa alipita karibu naye, kibweta cha chakula kwapani, ana nyuzi za kijivu kwenye nywele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unashona nini humo, mwanangu?"

"Mifuko ya kulia."

"Wanafunga mlango kwa nje."

"Tunajua, mama," binti alisema, kwa upole, kama anavyojibiwa mtu mzima aliyekuambia huenda mvua ikanyesha. "Kazi ni kazi."

Akainama akafunga kamba za viatu vyake vizuri, akaingia. Mlinzi alisukuma mlango, akatia kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha.

Mkono ukabana. Mara mbili, na tena mara mbili, na tena.

"Nimesimama, Chiriku," Mama alisema. "Mimi nimesimama."

Ndani cherehani zilianza. Mama alibaki pale pale, mkono mfukoni, hadi ukungu ukaisha na watu wenye shughuli zao wakawa wanampita kulia na kushoto. Duka la uzi lilifunguliwa saa tatu, naye alikuwa bado amesimama.